Tulikula Mtaji, Sasa Tuurudishe

Saa kumi na moja jioni, Nairobi huanza kurudi nyumbani. Wanaotoka viwandani, mijengoni na majumbani mwa watu huteremka kwa miguu kuelekea Mukuru, Kibera, Mathare, Korogocho na Kawangware. Kando ya njia wanapokewa na harufu ya chapati, maandazi na samaki wa kukaanga, na mlio wa kisu kinachokata sukuma wiki. Saa hizo chache, mpaka saa tatu usiku, ndizo zinazomlisha mchuuzi wa mtaani. Tangu alfajiri alikuwa akijiandalia hizo tu.

Kisha ikaja kafyu. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kufikia tarehe 27 mwezi huohuo, ilikuwa marufuku kuonekana nje kati ya saa moja jioni na saa kumi na moja alfajiri. Mwenye mshahara wa benki aliipokea amri hiyo kama usumbufu. Mama mboga aliporwa saa zake za kuuza, tena aliporwa na alfajiri yake ya kwenda soko la Marikiti kununua. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na ikakaa hivyo hadi mapema Julai. Gunia la viazi ambalo nyanya alikuwa akilituma kwa matatu kutoka ushago likakosa njia. Uagizaji wa mitumba ukapigwa marufuku hadi Agosti, na vibanda vya Gikomba na Toi vikakosa marobota mapya. Mama fua waliozoea kuketi kando ya barabara wakingoja kuitwa wakakuta malango yamefungwa, maana kila mwenye nyumba aliogopa mgeni.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Watu wengi walitarajia kwamba maisha yangerudi yalivyokuwa mara tu barabara zikifunguliwa. Wateja kweli walirudi. Lakini ukimuuliza mchuuzi kwa nini mpaka leo hajasimama, atakujibu kwa maneno mawili: nilikula mtaji.

Maneno hayo ndiyo msingi wa makala hii. Kipato cha siku kilichopotea wakati wa korona kilipotea na siku yenyewe, na siku mpya ilileta kipato kipya. Mtaji ni kitu kingine. Ulikuwa umejengwa kwa miaka, shilingi juu ya shilingi, ukaliwa katika miezi michache kwa sababu watoto hawali kesho. Hata vijana waliobahatika kuingia mpango wa serikali wa Kazi Mtaani, ambao katika awamu ya pili walilipwa shilingi 455 kwa siku kwa kuzibua mitaro na kufagia vichochoro, fedha hizo ziliishia kwenye unga na kodi. Na kabla mtu hajapumua, ukaja mwaka 2022, vita vya Ukraine na ukame vikapandisha bei, na pakiti ya unga ya kilo mbili ikavuka shilingi 200.

Wahenga walisema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Nguvu unazo, ndugu msomaji. Ungekuwa huna, usingekuwa umefika hapa. Ila nguvu pekee hazinunui kreti ya nyanya. Ninakuandikia ili tusaidiane kuurudisha mtaji uliotuponyoka, kwa hatua zinazowezekana kwa mtu anayelipwa kwa siku.

Kwanza, elewa kilichokupata

Tuchukue mfano. Mama mboga alikuwa na mtaji wa shilingi 3,000. Alikwenda Marikiti alfajiri, akanunua nyanya kwa kreti na vitunguu kwa neti, na jioni akabaki na faida ya shilingi 700. Leo ana shilingi 1,000 tu. Kreti hawezi kuinunua, kwa hiyo anapimiwa nyanya na mwenzake aliyeinunua kreti. Faida ya kwanza imeshabaki kwa mwenzake. Yeye anauza kwa bei ileile ya mtaani, anaketi juani saa zilezile, na jioni anabaki na shilingi 200.

Anayemtazama atasema biashara imeharibika, au mama huyu amelegea. Hakuna kilicholegea. Tofauti yote imo katika zile shilingi 2,000 zilizoliwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimewaona watu wakiacha kazi wanayoijua vizuri na kukimbilia wasiyoijua, wakidhani tatizo ni kazi. Kabla hujabadilisha biashara, jiulize: ningekuwa na mtaji niliokuwa nao mwezi wa Februari 2020, biashara hii ingenilisha? Ikiwa jibu ni ndiyo, usiiache. Tafuta mtaji wake.

Nunua daftari la shilingi chache na ulichore safu tatu. Ya kwanza ni fedha zilizoingia leo. Ya pili ni fedha zilizorudi kununua bidhaa. Ya tatu ni fedha zilizokwenda nyumbani: chakula, nauli, kodi, mchango wa msiba. Jaza kila jioni kwa wiki mbili bila kujidanganya. Wengi wakifika mwisho wa wiki ya pili hugundua kwamba safu ya tatu imekuwa ikila safu ya pili polepole, shilingi 50 hapa, shilingi 100 pale. Korona iliula mtaji kwa mkupuo mmoja. Jikoni huula kwa kijiko, na hakuna anayeona.

Dawa yake ni kujiwekea mshahara. Ukiona faida yako ni shilingi 400 kwa siku, jipe shilingi 300 za nyumbani na useme hizo ndizo zako. Zinazobaki ni za biashara, na biashara si mali yako ya kugusa hata kama unaiendesha wewe. Zitenganishe kabisa. Anayepokea malipo kwa simu anaweza kutumia Pochi la Biashara ili fedha za wateja zisichanganyike na za nyumbani. Asiyetaka mambo ya simu atumie mikebe miwili. Chombo si hoja. Muhimu ni kwamba mkono unaonunua unga usiingie mahali palipo na fedha za nyanya.

Pili, ziba tundu la madeni

Wakati wa korona watu wengi walijifunza kukopa kwa simu, na mazoea hayo yalibaki. Sikulaumu. Mtoto akiwa na homa saa nne usiku, simu ndiyo jirani pekee aliye macho. Lakini tuifanye hesabu pamoja. Tuseme umekopa shilingi 1,000 kwa mwezi, na ada ni asilimia 15. Utalipa shilingi 1,150. Huna, kwa hiyo unakopa tena ili ulipe, na mwezi ujao vilevile. Baada ya miezi kumi na miwili utakuwa umelipa shilingi 1,800 za ada peke yake, na ile 1,000 bado unadaiwa. Umelipa karibu mtaji mara mbili, na mtaji wenyewe hujaupata.

Andika madeni yako yote kwenye ukurasa mmoja, hata yale ya aibu. Mbele ya kila deni andika linakugharimu kiasi gani kwa mwezi. Lenye ada kubwa zaidi ndilo la kumalizwa kwanza, hata kama kiasi chake ni kidogo. Deni la dukani kwa jirani halina riba, lakini lina uaminifu. Mpelekee mwenye duka hata shilingi 50 kila wiki na umweleze mpango wako, kwa sababu siku ya dhiki ndiye atakayekupa unga bila kukuuliza kitambulisho.

Kuhusu vitisho vya wanaokopesha kwa simu, fahamu haki yako. Sheria ya Benki Kuu ya Kenya ilirekebishwa mwishoni mwa mwaka 2021, na kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zikatolewa Machi 2022. Kila mkopeshaji wa namna hiyo anapaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Haruhusiwi kukutukana, kukutisha, wala kuwapigia simu watu walio kwenye orodha ya namba zako ili akuaibishe. Akifanya hivyo, hifadhi ujumbe wake na upeleke malalamiko Benki Kuu au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Deni bado utalilipa, lakini heshima yako haikuwekwa rehani.

Ukilazimika kukopa kwa ajili ya biashara, tafuta mkopo wa bei ya chini. Hustler Fund iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 hutoza asilimia 8 kwa mwaka. Kwa shilingi 1,000 za siku 14, riba ni kama shilingi 3. Asilimia 5 ya mkopo huwekwa akiba kwa jina lako, kwa hiyo mkononi utapata 950. Hata hivyo siku 14 ni chache. Fedha hizo zinafaa bidhaa inayouzika ndani ya siku tatu au nne, kama mboga, samaki au maandazi. Ukizinunulia viatu vya mtumba vitakavyokaa mwezi mzima, au ukalipia karo, umejitegea mtego.

Ikiwa unahofia jina lako limepelekwa kwenye mashirika ya taarifa za mikopo, usikae na hofu gizani. Una haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka. Iombe uone kilichoandikwa, na kama kuna kosa dai lirekebishwe.

Tatu, linda paa

Mtu akifukuzwa nyumbani hupoteza zaidi ya chumba. Hupoteza wateja wanaomjua, shule ya watoto iliyo karibu, na majirani wanaomshikia mtoto. Kuhama huweza kumeza mtaji wa miezi sita. Kwa hiyo kodi iwe ya kwanza kutolewa kwenye ule mshahara uliojiwekea. Ukigawa kodi ya mwezi kwa siku 26 za kazi, kodi ya shilingi 2,600 inakuwa shilingi 100 kwa siku. Ziweke kila jioni kabla hujanunua chochote, mahali ambapo kuzitoa ni kazi.

Ukiona mwezi huu haitatimia, mwendee mwenye nyumba kabla ya tarehe, usingoje abishe. Mpe kiasi ulicho nacho na mwandikiane siku ya kumaliza. Karatasi iliyotiwa sahihi na wote wawili ina nguvu kuliko ahadi ya mdomo, na kila malipo uyafanye kwa njia inayoacha ushahidi.

Kama kodi yako ni ya chini, iko pia sheria inayokulinda. Sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba, Sura ya 296, inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ina baraza lake la kusikiliza kesi, na mwenye nyumba haruhusiwi kukutoa mpaka apate amri. Kutia kufuli juu ya kufuli yako, kung'oa mlango au kubandua mabati ili utoke mwenyewe ni kuvunja sheria. Anza kwa wazee wa Nyumba Kumi na chifu, kwa sababu mengi humalizika hapo. Yasipomalizika, usiogope kufika kwenye baraza.

Nne, rudisha mtaji kwa mguu uleule ulioondokea

Mtaji uliliwa kidogo kidogo, na njia yake ya kurudi ni hiyohiyo. Ukiongeza shilingi 50 kwa siku kwenye fedha za bidhaa, kwa siku sita za kazi ni shilingi 300 kwa wiki. Wiki kumi ni shilingi 3,000. Mama mboga wetu ameipata tena kreti yake kabla miezi mitatu haijaisha, na hana mtu anayemdai.

Lakini huhitaji kungoja wiki kumi. Kuna njia ambayo wachuuzi wa Nairobi wameijua tangu zamani, na ambayo hofu ya korona iliivunja: kununua pamoja. Wachuuzi watatu wenye shilingi 1,000 kila mmoja wananunua kreti moja, wanagawana nyanya mara zinapofika mtaani, kila mtu anakwenda kuuza zake. Mtu mmoja anatumwa Marikiti, nauli inachangwa, na wawili wanabaki na watoto. Angalia vizuri: mmegawana kreti, hamjagawana biashara. Hakuna faida ya pamoja ya kugombania wala daftari la pamoja la kutiliana shaka. Ushirikiano wa namna hii hudumu kwa sababu humalizika kila asubuhi na kuanza upya kesho yake.

Chagua pia bidhaa inayozunguka haraka mpaka usimame. Shilingi 1,000 zinazorudi mkononi kila siku zinafanya kazi ya shilingi 6,000 kwa wiki. Shilingi 1,000 zilizolala kwenye bidhaa ya mwezi mzima zinafanya kazi ya 1,000. Ukishakuwa na mtaji ndipo urudi kwenye bidhaa zenye faida kubwa zinazouzika polepole.

Na kwa vijana wa mjengo: kama umekuwa ukijenga, kuchomelea, kufunga nyaya za umeme au kushona kwa miaka, ujuzi wako ndio mtaji, ila hauonekani kwa mkandarasi asiyekujua. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutahini mafundi kwa vitendo hata kama hawakusoma chuoni, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Weka akiba kwa ajili ya mtihani huo kabla ya kununua simu nyingine. Fundi mwenye cheti huitwa kwa jina. Asiye nacho huchaguliwa langoni asubuhi kwa kutazamwa mabega.

Epuka kabisa njia mbili za mkato. Moja ni kamari ya simu, inayokufundisha kumngojea mshindi mmoja huku walioshindwa wakinyamaza. Nyingine ni miradi inayokuahidi kuzidisha fedha zako ukileta watu wengine. Zote mbili huwinda mtu aliyepoteza mtaji, kwa sababu ndiye mwenye haraka.

Tano, chama kirekebishwe

Chama kimewafaa watu wa kipato cha chini kuliko taasisi yoyote ninayoijua. Lakini korona ilionyesha udhaifu wake. Mzunguko wa kuchangiana humwokoa mmoja anapoanguka wakati wengine wamesimama. Mwaka 2020 wote walianguka wiki moja. Aliyekuwa amepokea zamu yake hakuweza kuendelea kuchanga, na aliyekuwa akingoja zamu hakupata kitu. Mikutano ilikuwa imepigwa marufuku, hata kuulizana hesabu uso kwa uso kukawa hakuna. Vyama vingi vilikufa hapo, na urafiki ukafa navyo.

Kama bado mna chama, au mnataka kuanzisha, jengeni sehemu tatu. Mzunguko ubaki, kwa sababu watu huupenda. Pembeni yake pawe na mfuko wa mikopo midogo ya biashara kwa wanachama, wenye riba ndogo inayorudi kwao wenyewe. Na pawe na mfuko wa tatu wa dharura usioguswa kwa arusi, sikukuu wala mkopo. Kila mtu aweke hata shilingi 20 kwa wiki. Watu 20 wakifanya hivyo, mwaka ukiisha kuna shilingi 20,800. Likija janga linalowapiga wote, kila nyumba inapata shilingi 1,040 siku hiyohiyo, kabla ya msaada wa serikali kutangazwa.

Fedha zikae kwenye akaunti yenye watia sahihi watatu, na hesabu isomwe kwa sauti kila mkutano, hata kama wote wanaaminiana. Kisajilini chama kwenye ofisi ya Maendeleo ya Jamii. Sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi. Chama kilichosajiliwa kinaweza kufungua akaunti kwa jina lake na kuomba mikopo ya Hazina ya Uwezo au Hazina ya Wanawake. Muungano wa Wanavijiji, uliozaliwa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi miaka ya 1990 watu walipokuwa wakipinga kubomolewa, umejengwa juu ya vikundi vidogo vya akiba kama hivi. Watu waliokuwa wakihesabu shilingi kumi kumi walifika mahali pa kuketi na wapangaji wa jiji kujadili mustakabali wa Mukuru.

Sita, mambo ya jikoni

Anayenunua kadogo hulipa zaidi kuliko tajiri kwa kitu kilekile. Mafuta ya kupimiwa ya shilingi 20, sukari ya karatasi, sabuni ya kukatiwa: ukijumlisha mpaka lita au kilo, umelipa zaidi ya bei ya dukani. Unafanya hivyo kwa kukosa mtaji, sasa wa jikoni. Dawa ni ileile ya kreti. Bale la unga lina pakiti kumi na mbili za kilo mbili. Majirani wanne wakichanga, kila mmoja anapata pakiti tatu kwa bei ya jumla. Au nunueni mahindi kwa gorogoro na mkasage kwenye posho mill. Unga huo hushibisha zaidi kwa kuwa wishwa haikuondolewa yote.

Loweka maharagwe na mahindi usiku kucha kabla ya kuyachemsha, utapunguza makaa kwa kiasi utakachokiona mwenyewe. Majirani wawili wakichemsha sufuria moja kubwa ya githeri na kugawana, jiko limewaka mara moja badala ya mbili.

Kuhusu simu, kumbuka kwamba ada za kutuma fedha kwa M-Pesa ziliondolewa Machi 2020 kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, zikarejeshwa mwaka ulipoisha. Mazoea ya kutuma na kutoa kidogo kidogo yalibaki. Kutoa shilingi 200 mara nne kunakula ada nne. Panga utoe mara moja.

Saba, ugonjwa na shule

Mambo mawili huuangusha mtaji uliokwisha kusimama: hospitali na karo. Tangu Oktoba 2024, NHIF imeachia nafasi Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mwajiri hutakiwa kulipa kwa mwaka. Shilingi 3,600 kwa mkupuo ni nyingi kwa mtu wa kibarua. Lakini shilingi 10 kila siku kwa mwaka mzima ni 3,650. Chama kinaweza kuzikusanya na kumlipia kila mwanachama zikitimia. Hata kama hujaanza kuchanga, jisajili leo kwa kupiga *147#, kwa sababu matibabu ya msingi kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma yamewekewa mfuko wake kwa waliosajiliwa. Magonjwa mengi tunayopeleka hospitali kubwa kwa gharama kubwa yangetibiwa huko mapema.

Kwa mwenye mtoto katika shule ya msingi ya umma jijini, ulizia Dishi na County, mpango wa chakula ulioanza mwaka 2023 ambapo mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo. Huwezi kupika chakula cha mchana kwa shilingi 5 nyumbani. Kwa watoto wa sekondari, fomu za basari za eneo bunge na za kaunti hutolewa kwa muda mfupi na kufungwa. Mzazi anayepita ofisini kila mwezi kuuliza huzipata. Anayengoja kuambiwa husikia zimekwisha.

Nane, dai taa

Yote niliyosema hadi hapa ni mambo ya kufanya kwa mikono yako. Lakini kuna mahitaji ambayo hakuna daftari litakaloyatimiza. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, makazi, chakula, maji safi, elimu na hifadhi ya jamii. Katiba hiyohiyo inataka wananchi washirikishwe kabla ya fedha za umma kupangwa. Nairobi ina wadi 85, na bajeti ya kaunti hujadiliwa kwenye mikutano ambayo mara nyingi ina viti vitupu. Tarehe zake hubandikwa ofisini kwa msimamizi wa wadi. Nendeni kama chama, watu kumi, na ombi moja lililoandikwa. Orodha ya mambo ishirini husahaulika. Ombi moja likirudiwa na watu kumi huandikwa kwenye kumbukumbu.

Mkiniuliza muanze na lipi, nitasema taa. Ile mulika mwizi iliyozimika kwenye njia panda, ambapo mama mboga hufunga saa moja kwa sababu giza limeingia na anaogopa kuporwa, inamwibia saa zilezile alizoibiwa na kafyu. Kafyu iliondolewa mwaka 2021, lakini mahali pasipo na taa bado ipo. Taa ikiwaka, mtaa mzima unarudishiwa saa mbili za biashara kila siku bila mtu kukopa hata shilingi moja. Baada ya taa, dai bomba la maji. Baada ya bomba, dai soko lenye paa.

Usiku huu, ukishafunga kibanda, fanya jambo moja. Hesabu fedha zilizopo, zote. Ondoa za kodi ya leo uziweke mahali pake. Ondoa za bidhaa za kesho uziweke mahali pake, na juu yake ongeza shilingi 50, au 20 kama ndizo zilizopo. Kinachobaki ndicho chakula. Kitakuwa kidogo wiki ya kwanza, na watoto watauliza. Waeleze kwamba mnanunua kreti.